Acheni Niifurahie Theluji ya Kibo

Mama ndiye aliyeniamsha. Alikuwa veranda ya nyuma, kanga begani, chai yake mezani haijaguswa, anaita: "Toka uone! Toka upesi kabla haijajifunga!"

Nilitoka peku. Mvua ilikuwa imepiga bati usiku kucha, umeme umekatika tangu saa nane, na madimbwi ya uani yalikuwa yamefika mlangoni mwa banda la kuku. Lakini upande wa kaskazini anga lilikuwa safi kabisa, na juu ya paa la jirani, juu ya migomba yake, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilikuwa nyeupe.

Sisemi vile vipande tulivyovizoea tangu Julai. Nyeupe yote, kutoka kileleni hadi kwenye bega linaloteremka kuelekea Mawenzi. Na Mawenzi yenyewe, ambayo miezi mingi huwa mwamba mweusi tu, ilikuwa na mistari myeupe katika kila ufa. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linatoka upande wa Himo. Liliigusa Kibo kabla halijatugusa sisi, ikawa ya waridi, ikawa ya dhahabu, kisha ukaja ule weupe unaomfanya mtu apepese macho.

Tulisimama pale, mimi na mama, mpaka mawingu yakaanza kupanda kutoka Kibosho. Ilipogonga saa tatu mlima ulikuwa umejifunga.

Kabla haujajifunga nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. Wakaitikia mmoja mmoja: mioyo, mikono ya kushukuru, binamu yangu wa Mwanza akaandika kwamba ametamani nyumbani. Kisha kijana wa kaka yangu, anayesoma mambo ya mazingira chuoni Dar, akaandika hivi:

"Shikamoo shangazi. Picha nzuri sana. Ila tusijidanganye, hiyo ni poda usoni mwa mgonjwa. Barafu inakufa, na hiyo theluji Ijumaa haipo."

Shangazi yangu mkubwa alimjibu papo hapo: "Wewe mtoto, usituharibie asubuhi." Wengine walicheka, mazungumzo yakahamia kwenye mchango wa harusi.

Mimi sikumjibu. Neno lake lilikaa nami wiki nzima, likavuka wiki ya pili, na kila nilipotazama juu nilikuta limenitangulia.

Ya kwanza kwa hesabu ya nani

Huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuleta theluji kwa zamu. Kibo iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na theluji inaweza kuanguka juu kule mwezi wowote. Hata Agosti nimewahi kuona kileleni pamepakwa weupe kidogo, jua la asubuhi moja likaumaliza. Kwa hiyo ninaposema "ya kwanza" nahesabu kwa hesabu ya nyumbani: ile ya kwanza kuufunika mlima baada ya kiangazi kirefu, vuli inapofungua.

Na mtu aliyeishi Moshi Septemba na Oktoba anajua tunakuwa tumengoja nini. Vumbi la Pasua linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Kibo ikionekana inaonekana ya kahawia, imekauka, na barafu iliyobaki upande wetu imetawanyika katika mistari michache ya kijivu. Kuna asubuhi nyingine naitazama nikatamani ingejifunga tu.

Tena Oktoba ni mwezi wa moto.

Oktoba 2020 hakuna aliyelala vizuri mji huu. Jioni ukitoka nje uliuona mstari mwekundu kule juu, juu ya msitu, unatambaa. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wao wa kujitolea, na sisi tuliobaki chini tulikaa tukitazama, tukipigiana simu: umefika wapi, umevuka wapi. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, moto mwingine.

Ndiyo maana theluji ya kwanza ya vuli kwangu ina habari mbili. Ya kwanza iko wazi kwa kila mwenye macho. Ya pili inasemwa taratibu na watu wa vihambani, wale wenye mashamba ya migomba mlimani: msitu umelowa. Mwaka huu tumevuka.

Sijui kama kijana wetu aliijua hiyo habari ya pili wakati anaandika. Mtu hawezi kuiona kwenye picha.

Mvua ileile

Kuna jambo ambalo hunifurahisha kuliko hata ule weupe wenyewe. Ni kwamba theluji ile tuliisikia ikianguka.

Kutoka uani kwetu mpaka kilele cha Uhuru, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita thelathini hivi. Sisi tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kilele kiko mita 5,895. Ni nadra duniani kukuta tofauti ya karibu kilomita tano kwenda juu katika umbali ambao daladala ingeumaliza kabla abiria hajasinzia. Na hewa hupoa kadiri unavyopanda, kama digrii sita kwa kila kilomita moja, hivyo usiku ule sisi tuliojifunika shuka moja tulikuwa chini ya wingu lilelile lililokuwa linamwaga theluji huko juu.

Si hilo tu. Katika mawingu makubwa ya huku kwetu, sehemu kubwa ya mvua huanza ikiwa chembe za barafu. Inaanguka ikiwa theluji, inavuka usawa ule ambapo hewa si ya kugandisha tena, inayeyuka, inatufikia ikiwa maji. Kibo yenyewe imejiinua kupita usawa huo. Kwa hiyo Kibo hupokea ile mvua kabla haijawa mvua.

Nilipomweleza mama habari hii alinyamaza kidogo, akasema, "Basi usiku kucha ilikuwa inatupigia bati."

Wale wasioamini

Ubishi juu ya weupe wa Kibo haukuanza na kijana wetu. Tarehe 11 Mei 1848, katikati ya masika, Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa anakaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mbali akaandika kwamba juu yake kuna theluji. Habari ilipochapishwa Ulaya, William Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London na ambaye hakuwahi kukanyaga huku, aliikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Akaendelea kuikataa miaka na miaka, hata baada ya Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten kupanda kupita mita 4,000 mwaka 1862 na kuthibitisha kwamba ipo.

Wakati huo wazee wetu walikuwa wanaijua siku nyingi. Rebmann na mmisionari mwenzake, Krapf, waliandika masimulizi waliyoyapata huku juu ya Mangi Rengua wa Machame, aliyetuma watu wake waende kuona ule mng'ao kama ni fedha. Karibu wote walikufa kwa baridi. Wanasimulia kwamba aliyerudi alirudi mikono na miguu imeharibika. Na yako masimulizi mengine ya wale walioibeba ile fedha kwenye vyombo, wakafika nayo nyumbani ikiwa maji.

Habari ya Rengua huwa inanikaa moyoni kuliko ile ya London. Wale watu walipanda na mavazi gani? Waliambiana nini usiku wa kwanza? Majina ya waliobaki huko juu siyajui.

Lakini nisimwonee kijana wa kaka yangu. Yeye si Cooley. Cooley alibisha jambo lililokuwepo kwa sababu vitabu vyake havikuwa na nafasi yake. Kijana anasema jambo lililopo, lililopimwa, na ambalo sisi wakazi tunapenda kulipita kando.

Kijana ana ushahidi

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 11. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Katika karne moja, asilimia 85 imekwenda. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za mwisho za Afrika, za Kilimanjaro na za Mlima Kenya, zinatazamiwa kuwa zimekwisha ifikapo 2050. Binti yangu atakuwa mtu mzima, hajafika hata umri wangu.

Hapa mtaani hoja hii ina jibu lake la kudumu. Utalisikia stendi, utalisikia saluni: "Walituambia 2020 itakuwa imekwisha, mbona ipo?" Na kweli, mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake, walioitoboa barafu hiyo mwaka 2000 kuisoma umri wake, waliandika kwamba kwa mwendo ule ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka. Watu wakachukulia kwamba habari nzima ilikuwa ya uongo.

Siwezi kujiunga nao. Mtu akikosea tarehe ya msiba hajakosea ugonjwa. Barafu ya Furtwängler, ile ambayo wapandaji hupita karibu nayo kule juu kwenye uwanda wa kileleni, imekatika vipande. Kuta za barafu za upande wa kaskazini zinarudi nyuma. Picha zipo, na wagumu wa mtaa huu, wale wabeba mizigo ya wageni wanaopanda kila mwezi, hawahitaji picha.

Hapo ndipo shaka yangu ilipokuwa na nguvu. Kwa sababu asubuhi ile, kutoka veranda yetu, hukuweza kutofautisha barafu na theluji. Barafu ya Heim, ya Kersten, ya Decken, ile mistari iliyochakaa ambayo tunaitazama miezi yote, ilikuwa imepotea ndani ya weupe mmoja. Mlima ulionekana mzima. Ulionekana vile mama anavyousimulia wa usichana wake, alipokuwa anateremka kutoka Uru na kikapu cha ndizi kichwani kuja sokoni.

Nilijiuliza: hivi nilichofurahia ni theluji, au ni kule kusahau kidogo?

Siku chache baadaye weupe ulipanda juu, mwamba ukatokeza, na mistari ya barafu ikaanza kujitenga tena, mmoja mmoja, ikiwa vilevile ilivyokuwa. Theluji haikufika Ijumaa. Alikuwa sahihi hata katika hilo.

"Theluji ni nzuri ukiwa Moshi"

Jirani yetu, yule mwenye paa na migomba, ni mgumu wa miaka mingi. Usiku ule mvua ilipokuwa inatupigia bati yeye alikuwa kambi ya Barafu na wageni. Aliporudi nilimwendea kumpa pole na kumsikiliza, maana nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba furaha yangu ni ya mtu aliyelala kitandani.

"Dada," akaniambia, "theluji ni nzuri ukiwa Moshi."

Akanisimulia hema lilivyolemewa, wakawa wanalipiga kwa ndani kila baada ya muda ili lisiwaangukie. Viatu vimelowa, soksi hazikauki. Wageni waliamshwa usiku kuanza safari ya kileleni, wakatoka na taa zao kichwani wakipiga kelele za furaha kama watoto, yeye akawa anawaza mguu wa kijana mwenzake aliyevaa viatu vilivyopasuka. Hakuna hata mmoja wa wageni hao atakayesema theluji ile ilikuwa mbaya. Wametoka nchi zao kuja kuitafuta.

Nilidhani ataishia hapo. Lakini aliongeza mambo mawili.

La kwanza, maji. Pale Barafu hapana maji. Wanayabeba kutoka bonde la Karanga, kwa saa kadhaa, madumu mgongoni. Theluji ikianguka wanaichota palepale, wanayeyusha kwenye sufuria, na siku hiyo kuna mtu anaponea safari. "Tunaichukia na tunaishukuru," alisema.

La pili alilisema wakati naondoka, tukiwa mlangoni. Walipofika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, jua lilikuwa limeshatoka, na barafu ya Rebmann, iliyo karibu na hapo, ilikuwa imefunikwa na theluji mpya. Kawaida, alisema, barafu ile ina rangi ya vumbi na unaitazama bila shida. Siku hiyo ilimwuma macho. Alilazimika kuangalia chini mpaka wakashuka.

Nilirudi nyumbani na hayo macho yake yanayouma. Ndipo jibu la kijana lilipoanza kupatikana.

Mwanga uliorudishwa

Mimi si mtaalamu, nasoma tu, ila jambo hili nimelisoma mpaka nikalielewa. Kileleni hewa ni baridi kuliko tunavyowaza: wastani wake ni kama digrii saba chini ya sifuri. Barafu ya juu kule, kwa hiyo, haimalizwi na hewa ya joto kwa namna ambayo kipande cha barafu kinayeyuka ndani ya glasi yako ya soda. Inamalizwa zaidi na jua. Jua la juu ni kali, hewa ni kavu, na sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Mwaka 2000 kiliwekwa kituo cha vipimo vya hali ya hewa kwenye barafu ya kaskazini, na watafiti waliokitumia, akina Douglas Hardy, Georg Kaser na Thomas Mölg, wamekuwa wakisema jambo moja kwa namna mbalimbali: kinachoamua maisha ya barafu ya Kibo ni theluji inayoanguka juu yake.

Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga. Barafu kongwe, yenye vumbi, hurudisha kidogo sana kuliko hapo, na mwanga usiorudishwa ndio unaoila. Kwa hiyo ule mwanga uliomwuma jirani yangu macho ulikuwa mwanga uliokataliwa kuingia. Kwa siku zile chache, jua lilipiga likarudishwa.

Na tatizo la Kibo, tangu karibu miaka ya 1880 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu zaidi, ni kwamba siku za namna hiyo hazitoshi. Kuongezeka kwa joto duniani kunaingia humo pia, kwa njia ndefu, kupitia bahari ya Hindi na upepo unaotuletea au kutunyima unyevu. Dunia nzima imo katika weupe ule tunaoutazama kutoka veranda.

Basi, mwanangu, sasa naweza kukujibu. Ulisema poda usoni mwa mgonjwa. Poda haimlishi mgonjwa. Theluji ndiyo chakula chenyewe anachokosa. Nilimwona akila.

Najua hakishibishi. Najua kuta zile za barafu zikisharudi nyuma hazijengeki tena, kwa sababu theluji haikai kwenye ukuta uliosimama wima, nayo iangukayo kwenye mwamba uliokwisha pata joto huondoka haraka. Sijasema atapona. Nimesema hakuna aibu katika kufurahi mtu anapokula.

Maji hayatoki pale

Lakini kuna jambo jingine ambalo limeniwasha zaidi ya hilo la poda, nalo halimhusu kijana peke yake. Linatuhusu sote tunaokaa chini ya mlima huu.

Toka utotoni nimesikia kwamba barafu ya Kibo ikiisha, maji yetu yataisha. Nimelisikia kwa mjomba, nimelisikia kanisani, nimelisikia kwenye redio. Na sababu inaonekana kwa macho: barafu iko juu, mito inatoka juu.

Mito haitoki pale. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na nyingi, kama nilivyosema, inaondoka ikiwa mvuke. Maji yetu yanatoka msituni. Mvua ya upande huu wa kusini ni nyingi kuliko kote katika ukanda wa msitu, karibu na mita 2,200, na kupanda juu zaidi inapungua sana. Kileleni hunyesha kidogo kuliko sehemu nyingi za Dodoma. Zaidi ya mvua kuna ukungu. Miti mikubwa yenye kuvumwani na ndevu za mimea matawini hukamata ukungu ule, unadondoka chini, unaingia ardhini. Chemchemi za Nsere na Shiri zinazoleta maji mabombani mwa mji huu ni kazi ya msitu. Mifongo ya wazee, ile mifereji iliyochimbwa kwa majembe ya mkono, ikapindishwa kwenye miteremko kihamba hadi kihamba, ilikuwa ikiteka maji ya msitu.

Andreas Hemp, ambaye ameufanyia kazi mlima huu kwa miaka mingi, amekuwa akionyesha kwamba moto ndio unaoshusha mstari wa juu wa msitu, na kwamba kwa maji ya watu, kupotea kwa msitu huo wa juu ni hasara kubwa kuliko kupotea kwa barafu yote. Ni huyohuyo aliyeandika mwaka 2016, pamoja na wenzake, juu ya mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyojulikana Afrika, mita 81.5, umesimama katika bonde la mlima wetu huu. Ni wangapi mjini hapa wanaoujua mti huo? Barafu kila mtu anaijua.

Naona hasara iliyopo. Macho yetu yote yako mita 5,800. Huko tunaweka majonzi yetu, picha zetu, hofu yetu ya maji. Na wakati huohuo ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili watu wa vihambani wapate kuni na majani bila kuingia msitu wenyewe, umechoka. Nimepita humo na mama. Sehemu nyingine ni visiki. Hakuna anayepiga picha ya visiki akaituma kwenye kundi la familia.

Hata mimi sikuituma.

Tumeichanganya furaha ya theluji na majonzi ya barafu, tukayachanganya yote mawili na hofu ya maji, na kwa kuchanganya hivyo hakuna hata kimoja tunachokifanya vizuri. Theluji ikianguka tunaona haya kuifurahia. Barafu ikiisha tutaililia kwa sababu isiyo yake. Na msitu, ambao bado uko mikononi mwetu, hauna anayeulilia.

Barafu inastahili kuliliwa kwa sababu ni nzuri na tumeishi nayo. Inatosha. Haihitaji kisingizio cha bomba.

Mama na Desemba

Nilimsomea mama ujumbe wa kijana, neno kwa neno. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Aliuliza, "Huyo mtoto mara ya mwisho kuiona Kibo asubuhi ilikuwa lini?"

Nilifikiri. Amezaliwa Dar, amekulia Dar. Huja Krismasi, wakati kila nyumba imejaa, wanakesha wakipiga stori na binamu zake, na anapoamka mlima umeshajifunga. Ameusoma sana. Ameuona mara chache, na nyingi ni za dirisha la basi.

"Basi msimkemee," mama akasema. "Anauhuzunikia kwa mbali. Kwa mbali mtu huona ugonjwa tu."

Nimemwandikia leo asubuhi. Nimemweleza habari ya chakula, na macho ya jirani, na Nsere na Shiri. Nimemwambia takwimu zake ni sahihi na aendelee kuzisema, hata kwa shangazi mkubwa. Nimemwambia pia kwamba nitaendelea kutuma picha kila Kibo itakapovaa, na kwamba sitaziombea radhi.

Kisha nikamwambia kuhusu mfongo. Tarehe ishirini na nane Desemba, Uru, watu wa mfongo wetu wanaukwangua kabla ya kiangazi cha Januari, na baba mdogo amesema safari hii watapanda mpaka kule unakotokea, kwenye ukingo wa msitu, wakaotesha miti ya asili pale palipobaki wazi. Kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye nguvu. Kwetu nimemwandika yeye. Aje na mabuti, jembe lipo.